Duka la vinyago Iringa: mti ni wa kweli, hadithi siyo

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama kijana wa mbele angeuza bila kusimulia.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Ilomba, Mbeya, mwaka wa kumi na tisa huu. Makabati, vitanda, milango ya mninga kwa wenye nazo na ya paini ya Mafinga kwa sisi wengine. Ni mwanamke, na wanaoingia wakauliza "fundi yuko wapi" huku randa iko mkononi mwangu nimeshaacha kuwajibu. Nasema haya ili ujue kwamba nikishika kinyago naanza na mti, halafu kifaa kilichoukata, halafu ndiyo sura.

Kilichonipeleka Iringa ni mteja, mama mwenye nyumba ya wageni kule Forest. Alinionyesha picha kwenye simu: kijilango cha mbao, safu tatu za watu wadogo waliochongwa bega kwa bega, na komeo la mti lenye vichwa viwili juu yake. Anataka kabati la mapokezi liwe na mlango kama huo. Ni wa wapi, mama? "Afrika Magharibi huko, fundi, wewe tengeneza." Nilitafuta hadi nikaupata: mlango wa kihenge wa Wadogon, Mali. Basi nikaanza kusoma, na binti yangu aliyesoma Kifaransa sekondari akawa ananifasiria yale nisiyoyaweza, tukakesha. Halafu mtu akaniambia Iringa kuna duka lina vitu vya Wadogon, usihangaike kuchonga, kanunue.

Jina la duka silitaji, kwa sababu nitalisema vibaya kidogo na mji ni mdogo. Nilitoka na basi la alfajiri, mchana nikashuka Igumbilo, bajaji ikanipandisha mjini.

Ndani ni pasafi, pana mwanga, na kiti cha mteja kipo. Kushoto vinyago vya Kimakonde vya mpingo, kulia vikapu vya milulu, vizuri sana, na bei zake zimeandikwa. Ukuta wa mwisho ndio wenye Mali. Bei huko hazijaandikwa, nadhani husomwa usoni mwa mteja.

"Kamwene mama, karibu."

"Kamwene, mwanangu."

"Huku ni Mali, mama. Kabila la Wadogo. Ni watu wafupi sana, wanaishi mapangoni."

Wadogo! Nilijizuia nisicheke, maana jina hilo kwa sikio la Kiswahili lina mtego wake. Ajabu ni kwamba hakukosea moja kwa moja. Wadogon wenyewe husimulia kuwa waliowatangulia kwenye yale majabali ya Bandiagara, watu waitwao Watellem, walikuwa wafupi na waliweza kuruka angani, la sivyo wangefikaje kwenye mapango ya juu namna ile? Watellem walikuwepo kuanzia karne ya 11 hivi. Wadogon wakaja baadaye, karibu karne ya 15, wakisema asili yao ni nchi ya Mande, magharibi. Safu hiyo ya majabali imetanda kilomita kama 150, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989. Lakini hawaishi mapangoni. Wana vijiji vya mawe na udongo, wanalima uwele na vitunguu. Mapangoni hupandishwa wafu, kwa kamba.

Kilichonivuta ni sanamu yenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mtu amenyoosha mikono yote miwili juu, mwili mwembamba, uso karibu haupo, na mwili mzima umefunikwa gamba la kijivu lililopasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Laki nne na nusu.

"Ina miaka mia tatu, mama. Huyu ni shujaa aliyekamatwa vitani, anasalimu amri."

Hapo nilicheka kweli. Mikono juu kama kibaka wa Mwanjelwa mbele ya askari!

Sanamu za mikono juu ni kati ya zile zinazojulikana zaidi za Wadogon na za Watellem kabla yao. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ni ombi: mikono inamwelekea Amma, muumba aliye mbinguni, ashushe mvua. Ukitokea Tukuyu, ambako mvua hainyamazi, unaweza kushangaa mtu kuchonga mti mzima kwa ajili ya mvua. Bandiagara iko ukingoni mwa Saheli. Mvua ni ya miezi michache, ikipita kando uwele haupo, na pasipo uwele hakuna nyumba inayofika msimu mwingine.

Sasa lile gamba. Hapo ndipo pana maana yote, na ndipo duka linapodanganya. Kwa Wadogon sanamu ya namna hii haikai sebuleni. Hukaa kwenye madhabahu ya ukoo, ndani ya ginna, nyumba kubwa ya mzee wa ukoo, au kwenye kibanda cha tambiko, na watu wengi wa kijiji wanaweza kukaa muda mrefu bila kuiona. Siku ya sadaka humwagiwa uji wa uwele na damu ya kuku au ya mbuzi. Mwaka huu, mwaka ujao, baba akifa mwana anaendelea. Gamba ni tabaka juu ya tabaka la sadaka hizo. Nguvu ya uhai inayopita kutoka kwenye damu kwenda kwa wahenga wanaiita nyama. Ndiyo, nyama, herufi zilezile, maana nyingine kabisa. Sanamu yenyewe si mungu, ni mahali ambapo nyama hiyo hupokelewa.

Bibi yangu, Rungwe, alikuwa akimimina pombe kidogo chini kabla mtu yeyote hajagusa kata. Hakuwa na sanamu, alikuwa na shina la mti nyuma ya nyumba ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulikalia. Kwa hiyo nilipomwona huyu mtu wa mikono juu nilimwelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Nikaomba ruhusa nikamgeuza. Chini ya kitako kulikuwa na mistari ya upinde, imefuatana kwa nafasi sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Huo ni msumeno wa duara, wa umeme. Wahunzi wa Kidogon huchonga kwa tezo, na tezo haiachi mstari. Huacha vibapa vifupivifupi kama magamba ya samaki, kila kimoja kimelala kivyake, hata ukisugua kwa msasa kidole kinavisikia. Nikalowesha kidole nikasugua kwapani mwa sanamu, mahali ambapo mikono ya wateja haifiki. Kidole kikatoka na weusi wenye harufu ya kahawa na gundi nyeupe ya mbao, ile ninayoinunua mimi kwa kopo. Mahali gamba lilipobanduka mti ni mweupe wa maziwa, mwepesi, sidhani kama unazidi mjakaranda. Shujaa wa miaka mia tatu ametoka karakana iliyo na umeme.

"Mama, wewe ni mtu wa makumbusho?"

"Mimi ni mtu wa Ilomba."

Nikamwambia na hili, kwa upole maana ni kijana wa kuajiriwa: kama ingekuwa ya kweli, hatari ingekuwa kubwa zaidi. Mali ina sheria tangu miaka ya 1980 inayobana utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi, na mwaka 1993 Marekani, kwa ombi la Mali, ilizuia baadhi ya vitu hivyo visiingie huko. Wizi umewachosha wale watu. Nguzo za baraza la wanaume, liitwalo "togu na", zilizochongwa maziwa ya mwanamke, zimeng'olewa na kuuzwa kiasi kwamba vijiji vingine vimezikata nakshi vyenyewe ili mwizi asizitake. (Baraza hilo ningelipenda kwa kikundi chetu cha VICOBA. Paa lake la mabua hujengwa chini makusudi, huwezi kusimama. Ukiinuka kwa hasira unagonga kichwa, unakaa.)

Pembeni kulikuwa na wawili waliokaa kwenye kigoda kimoja, mume kamzungushia mke mkono shingoni. "Hii tunauza sana, mama, ni zawadi ya harusi." Ile ya asili iliyoigwa ninaijua kwa picha. Iko Metropolitan Museum, New York, ina sentimita 73, ni ya karne ya 18 au mwanzo wa 19. Ya kule mume ana podo la mishale mgongoni, mke ana mtoto mgongoni, na kigoda kimebebwa na watu wanne wadogo. Ya dukani haikuwa na podo wala mtoto, wala hao wanne, miguu ya kigoda ni minne tu ya kawaida. Na inadhaniwa sanamu kama ile ilitolewa hadharani kwenye msiba wa mtu mkubwa. Zawadi ya harusi! Ni kama kumpelekea bibi harusi turubai la matanga.

Barakoa sitakaa nazo sana. Ipo kanaga, ile yenye mhimili na mbao mbili za kukingama, kijana akasema ni msalaba wa Wakristo wa Mali. Siyo. Ni ya dama, sherehe ya kumaliza matanga na kuisindikiza roho iondoke kijijini. Mchezaji huinama na kuizungusha mpaka ncha yake ipanguse vumbi. Wengine huambiwa ni ndege, wengine kwamba ni Amma mwenyewe akionyesha mbingu na ardhi, inategemea umefundishwa hadi wapi. Ilikuwepo hata kwenye bendera ya Shirikisho la Mali mwaka 1959. Barakoa hawachongi wahunzi, huchonga vijana wa Awa, chama cha barakoa, wenyewe, na wanawake hawatakiwi karibu. Hapo mimi nina langu la kusema, kwa sababu Wadogon haohao husimulia kwamba aliyezipata barakoa kwanza ni mwanamke, akawatishia wanaume, wao wakamnyang'anya. Barakoa iitwayo satimbe ina sanamu yake imesimama kichwani. Nilimuuliza kijana kama anayo. Hana.

Nisimwonee, lakini. Hata wasomi walioandika juu ya Wadogon wameparuzana kuhusu nini ni kweli. Mfaransa Marcel Griaule alikaa na mzee mwindaji kipofu, Ogotemmêli, siku 33 mwaka 1946, akatoka na habari ya uumbaji yenye maelezo ya kila kitu, kuanzia kikapu hadi ghala. Mwaka 1991 Mholanzi Walter van Beek, aliyefanya utafiti kwao miaka mingi, akaandika kwamba sehemu kubwa ya habari ile hakuikuta kwa watu aliokaa nao. Ninayoyapenda mimi mengi ni ya Ogotemmêli, na nayasoma nikijua kuwa ni ya mzee mmoja aliyekuwa na kipaji cha kusimulia.

Kinachoipa duka nyota ya tatu hakiko mbele. Nilisikia nyundo, nikauliza choo kiko wapi, nikapita uani. Kuna kibanda cha mabati, na chini yake fundi wa makamo, kavaa koti zito, anachonga kijilango. Cha kihenge! Kimeegemezwa ukutani, mninga, safu tatu za watu.

"Kazi nzuri, fundi."

"Asante, dada. Ni ya kuiga tu. Nimeitoa kwenye picha."

Neno lile, ni ya kuiga tu, lilinipumzisha kuliko kiti cha dukani. Tukakaa kama saa nzima. Alikuwa na tezo ndogo ya mpini wa mpera aliyojitengenezea, na uso wa kila mtu kwenye mlango ameupiga mapigo manne: paji la uso, pua kama mshale, mashavu mawili. Basi. Wadogon nao hufanya hivyo, uso ni pembe na mistari, hakuna kubembeleza.

Nikamwonyesha nilichokigundua kwa kuangalia picha nyingi. Mlango wa Wadogon hauna bawaba. Ubao wenyewe huachiwa ncha juu na chini, ncha zinaingia kwenye matundu ya fremu, mlango unazunguka juu ya ncha zake, kama milango ya zamani ya Zanzibar. Yeye alishafunga bawaba mbili za Kichina. Halafu komeo. Kwake ni pambo, limegundishwa. La kweli hufanya kazi: ndani ya kile kichwa cha mti kuna vijiti vinavyodondoka kwenye matundu ya pingo na kulizuia, na ufunguo una meno ya chuma yanayovisukuma juu ili pingo liteleze. Vichwa viwili vilivyo juu ya komeo ni wahenga, mume na mke, wanalinda uwele. Alinyamaza akiangalia simu yangu, akaipanua picha kwa vidole, akaipanua tena. "Sasa hiyo ya vijiti," akasema, "ningeijaribu."

Nikamsimulia na ile ya viwiko, maana inatuhusu mafundi. Mhunzi wa kwanza, alivyosema Ogotemmêli, aliiba kipande cha jua kwenye karakana ya mbinguni akashuka nacho duniani juu ya ghala kubwa lililobeba mbegu na kila kitu, akiteleza kwenye upinde wa mvua. Wakati huo mikono na miguu ya watu ilikuwa laini kama nyoka, haina maungio. Ghala lilipotua kwa kishindo, mikono ya mhunzi ikavunjikia kwenye nyundo yake, na miguu vilevile. Ndipo viwiko na magoti vikapatikana, ndipo mtu akaweza kulima na kupiga nyundo. Fundi akakunja mkono, akaukunjua. "Kwa hiyo kazi ilianza kwa kuvunjika." Wahunzi kwa Wadogon ni tabaka la peke yao, wanaoana wao kwa wao. Wanafua chuma na wanachonga sanamu, watu wanawahitaji na hapohapo wanawaogopa kidogo. Alitaka kujua wanalipwa nini. Hilo sikuwa nalo.

Mlango: alisema laki na themanini, tukamaliza laki na nusu, na risiti nikapewa mbele bila kuomba. Kufunga walifunga vizuri, boksi na magunia mawili. Asubuhi yake, kwa kuwa basi langu lilikuwa la mchana, nilikwenda Kalenga. Fuvu la Mkwawa liko pale kwenye kioo, lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954. Nilikuwa nimeshaliona zamani na shule. Safari hii nilisimama nikiwafikiria wale wa Bandiagara, kwa sababu Griaule huyohuyo na wenzake walivuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti mwaka 1931 hadi 1933 wakarudi Paris na vitu zaidi ya 3,000, na mmoja wao, Michel Leiris, aliandika bila kuficha kwenye shajara yake jinsi vingine vilivyochukuliwa kwa vitisho na kwa kuiba.

Sasa lawama. Wiki ya tatu mlango uko karakana kwangu, Juni, ile baridi kavu ya Mbeya, nikasikia kitu kimelia usiku. Asubuhi ufa, kuanzia juu, umepita katikati ya mtu wa pili na wa tatu wa safu ya kwanza, karibu shubiri nzima. Mbao haikukauka. Niliponunua sikuipima, na hilo ni kosa langu. Fundi wa miaka kumi na tisa ananunua mninga bila kuupima kwa sababu ya porojo za uani. Lakini nilipopiga simu dukani nikajibiwa, nanukuu, "Mama, vitu vya asili lazima vipasuke, ndiyo uasili wake." Sitasema nilijibu nini. Jioni akapiga fundi mwenyewe, namba nyingine, akaniambia ubao ulikuwa na miezi miwili tu tangu upasuliwe na alimwambia mwenye duka usubiri. Akanitumia elfu thelathini kwenye simu, na najua hazikutoka kwenye droo ya duka.

Ufa sikuuziba kwa gundi. Kwenye picha za milango ya Wadogon utaona mbao mbili zimeshonwa kwa vikuku vya chuma, na ubao ukipasuka hushonwa hivyohivyo. Nikampelekea mhunzi wangu wa Mwanjelwa kipande cha nondo, akanifulia vikuku vitatu, nikavipigilia kwa kukingama ufa. Mama wa Forest alipokuja kuchukua kabati lake aliviona kabla ya kitu kingine, akasema hivyo ndivyo vimeufanya mlango uonekane wa kweli. Nikamweleza kwamba ni wa kuiga, umechongwa Iringa, umepasuka Ilomba. Akalipa.

Ukienda: vikapu vya mbele chukua bila wasiwasi. Mali ya ukutani nunua kama umeipenda sura, usizidishe elfu sitini, na usiulize umri. Fundi yupo Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka saa nane. Sema unatafuta choo. Na beba kipimo cha unyevu, au angalau gonga ubao usikilize. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa ameshatengeneza komeo la vijiti, lile la kweli, ila ufunguo bado unakwama.